Kilomita za Baba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imefungua msimu kwa fujo. Kufika saa nne yadi ilikuwa uji mtupu, na mafundi wenzangu wawili wamejibanza chini ya bati la stoo wakijifanya wanatafuta spana. Mimi nilikuwa chini ya lori la baba, mgongo kwenye kadibodi iliyolowa, nikimalizia difu, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma.

Nieleze vizuri, maana nimejiahidi kuandika msimu huu wote na sitaki nije nisome nisijielewe. Mvua zikija, barabara ya kwenda bohari ya juu huwa utelezi, na vilima vyake huwatoa madereva jasho. Bosi wetu, tunayemwita Saa Ngapi kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kila asubuhi, ameamua lori la baba liwekewe gia fupi za difu ili livute vizuri likiwa na mzigo, na matairi makubwa kidogo ya kushika tope. Kazi nimepewa mimi. Si fundi mwingine, mimi.

Sasa, ukiweka gia fupi, shafti itokayo kwenye giaboksi inazunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule, na mshale wa spidi unasoma mzunguko wa shafti tu, habari za tairi haujui. Kwa hiyo utasoma juu kuliko ukweli. Matairi makubwa yanapunguza uongo huo kidogo, hayaumalizi. Dawa ni kigia cha plastiki, kidogo kama kifuniko cha chupa, kinachokaa ubavuni mwa giaboksi pale inapochomekwa kebo inayoendesha mshale na namba za kilomita. Cha zamani kilikuwa na meno ishirini. Kwenye kopo langu nilikuwa na cha kumi na manane na cha ishirini na mawili. Mshale unasoma juu, nataka ushuke, basi nikapunguza meno. Kazi ya dakika chache.

Ilibaki kutoka barabarani kupima kwa nguzo za kilomita. Lakini mvua ilikuwa inamwaga, na Saa Ngapi amenisimamia kichwani. "Fundi, mshale umeupima?" Nikasema nimeupima. Nilikuwa nimeupima kichwani.

Baba alipokuja kulichukua lori, mlinzi wa geti, ambaye kwa umbeya wake tunamwita Redio, alimwambia ahakikishe kila kitu kabla hajatoka. Baba akacheka. "Akifunga huyu," akasema, akininyooshea kidole mbele ya yadi nzima, "mimi siulizi." Kichwa kilinivimba mpaka kofia ikanibana.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Baba amechelewa kurudi karibu saa nzima. Tope, anasema. Nimemkumbusha kwamba kwa kuwa matairi ni mapya, kila asubuhi kilomita hamsini zikitimia kwenye dashibodi asimame akaze nati. Ameitikia kama mwanafunzi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Amechelewa tena. Tope tena.

Ijumaa, 15 Machi

Redio huandika kilomita za kila lori linapotoka na linaporudi. Leo aliniita kando, na Redio akikuita kando ujue habari imeshatangazwa kwa wengine wote.

"Fundi, kwenda juu na kurudi ni kilomita ngapi?"

"Mia mbili arobaini. Unajua."

"Mimi najua. Baba yako ndiye hajui. Anarudi na mia mbili themanini na kitu kila siku. Hizo nyingine anampelekea nani?"

Nikamwambia akae na geti lake. Lakini njiani kurudi nyumbani nilikuwa napiga hesabu. Anachelewa, na kilomita zinazidi. Mtu aliyekwama kwenye tope anachelewa, sawa, ila kilomita zake haziongezeki. Sikuipenda hesabu ile.

Jumatano, 20 Machi

Saa Ngapi kaniita ofisini. Ofisi yake ni kontena lenye feni inayozungusha joto lilelile. Akanionyesha kwamba mafuta ya lori la baba nayo yamepanda kidogo. Nikamwambia gia fupi hula mafuta, hilo la kawaida. Akasema sawa. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Na mshale wako una uhakika nao?"

Hapo nilipandwa na hasira. Nimefanya kazi pale miaka, nimeingia chini ya magari ambayo wanaume waliyakimbia, leo naulizwa kuhusu kigia cha plastiki. "Kama huniamini, bosi, tafuta fundi mwingine."

Akainua mikono. "Nakuamini, fundi. Ndiyo maana nauliza. Kama mshale uko sawa, basi mzee ndiye hayuko sawa."

Nikatoka nikabamiza mlango wa kontena, na mlango wa kontena ukiubamiza mji mzima unasikia.

Jumapili, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri, hakuna aliyetoka. Baba alikuwa amelala sebuleni na kofia usoni. Mama alikuwa chumbani kwao anakunja nguo, nikaingia nikakaa kitandani kumsaidia. Tukapiga soga za hapa na pale. Halafu nikasema, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mama, baba akichelewa huwa anasema amepitia wapi?"

Mikono yake ikasimama juu ya shati.

"Kwani anapitia mahali?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Mtu haulizi tu."

Nikasema ni mambo ya kazi, kilomita zinazidi kidogo. Akaendelea kukunja, lakini shati lile alilikunja mara tatu.

Jumatano, 27 Machi

Baba alikuwa anaitwa Mzee Sitini kabla mimi sijazaliwa. Akiwa na mzigo hazidishi sitini, hata umfuate na moto. Leo nimesikia jina jipya. Alipoingia getini kwa kuchelewa, wapakiaji walimpigia vigelegele: "Bwana Harusi huyo! Bwana Harusi karudi!" Baba akapunga mkono akicheka. Hajui wanachokisema, au anajua. Mimi nilijitia hamnazo, kichwa ndani ya injini ya lori jingine ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua imepumzika. Barabara imekauka, malori yote yamerudi kwa wakati. La baba, hapana.

Na leo dereva mmoja ameapa kwamba amelikuta lori la baba limeegeshwa mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani, na mwanamke akimpokea kwa ndoo ya maji. Kwa ndoo ya maji! Redio alilirudia hilo hadi likawa beseni, likawa bafu.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Niliamini. Sikuamini nusu nusu. Nilimwona baba akivua kofia mlangoni pale. Nikamchukia kidogo, na nikajisifu moyoni kwamba mimi si mtoto wa kudanganywa.

Ijumaa, 5 Aprili

Mama hangoji tena. Zamani baba akichelewa, chakula kilifunikwa na mama alikaa mezani mpaka asikie mlio wa viatu vyake kwenye ngazi. Sasa anamfunikia, anaingia chumbani. Baba anakula peke yake huku akiutazama ule mlango uliofungwa. Leo aliniuliza, "Mama yako anaumwa?" Nikasema sijui.

Jumanne, 9 Aprili

Saa Ngapi anataka kesho nipande lori pamoja na baba. Nimwambie baba nakwenda kusikiliza mlio wa difu. "Utazame anapita wapi. Wewe ni binti yake, hatakushuku."

Nimekubali. Sikusita hata kidogo.

Jumatano, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Tulitoka asubuhi, mawingu chini, barabara kavu. Baba alikuwa amenipangusia kiti kwa kitambaa chake. "Bosi anasema unakuja kusikiliza difu."

"Ndiyo, baba."

"Haya, sikiliza."

Tulipofika barabara kuu mshale ulipanda hadi sitini ukatulia pale, hautetemeki. Baba anaendesha kama anavyokula, polepole na bila kuongea. Basi likatupita. Likatupita lori la mbao. Halafu pikapu moja kuukuu, mlango umefungwa kwa kamba, nayo ikatupita, na mtoto aliyekaa nyuma akatupungia.

"Baba, hata ile?"

"Watu siku hizi wana haraka."

Kisha akasema, macho barabarani, "Nikuambie kitu? Usimwambie mama yako. Nadhani nimezeeka."

"Kwa nini, baba?"

"Mimi mwendo wa gari nilikuwa naujua bila kutazama. Siyo kwa injini. Injini umeibadilishia gia, hilo nalielewa. Kwa upepo wa hapa dirishani. Kwa miti inavyopita. Sasa upepo unaniambia hamsini, mshale unasema sitini. Mwanzoni nilibishana nao. Halafu nikajiambia, mshale kaufunga mwanangu, basi kilichoharibika ni mimi."

Nilitazama nje kwa sababu sikujua pa kutazama. Ndipo nikaiona nguzo ya kilomita ya kumi. Bila kufikiri nikazisoma namba kwenye dashibodi. Nguzo ya ishirini ilipofika nikazisoma tena. Hazikuwa zimetembea kumi. Zilikuwa zimetembea kumi na mbili.

Nikasema nimekosea kuhesabu. Nikarudia kutoka ishirini hadi thelathini. Kumi na mbili.

Nilikiona kile kigia akilini kana kwamba nimekishika. Kile hakizungushi chochote kwenye giaboksi, chenyewe ndicho kinachozungushwa. Kikiwa na meno machache kinazunguka upesi zaidi, na mshale unapanda zaidi. Ukitaka kuushusha unaongeza meno, hupunguzi. Mwanafunzi wa mwezi wa pili anajua. Nilitaka kuondoa uongo wa difu, nikauongezea uongo wangu. Baba anatembea hamsini akidhani ni sitini. Kilomita za nani sijui zile, ambazo Redio anazitangaza na mama anazililia, hazikuwahi kutembewa na mtu. Nilizitengeneza mimi chini ya lori, kwa mikono hii.

Nilipaswa kusema pale pale. Tulikuwa wawili tu. Nilifungua mdomo, na nikamsikia akisema, "Hamsini zimetimia. Nikaze nati kama ulivyoniambia."

Akaegesha. Mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani.

Ndipo mahali pekee eneo hilo penye ardhi ngumu kando ya barabara. Nguzo ya karibu ilisema hata arobaini na mbili hatujafika. Maana yake hata nyumba ile mimi ndiye niliyeichagua. Mshale ungekuwa sawa, baba angesimama mbele zaidi na mlango wa kijani angeupita tu. Alishuka, akachukua spana ya magurudumu, akakaza nati moja moja, tairi baada ya tairi, na goti lake linalomsumbua. Mwanamke akatoka, mshona nguo, utepe wa kupimia shingoni, amebeba ndoo.

"Mzee, nawa mikono. Leo umekuja na mwenzako?"

"Huyu ndiye binti yangu," baba akasema. "Ndiye yule fundi."

"Ah! Ndiye wewe? Kila siku anakusifu mpaka nachoka."

Nilinawa mikono ambayo haikuwa michafu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Safari yote iliyobaki sikusema. Kurudi pia sikusema. Getini Saa Ngapi aliniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa kwamba hakuna kitu, machozi yakinilenga, naye akanielewa vibaya, akadhani nalia kwa ajili ya baba.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekitoa. Wenzangu walipokwenda kula nimeingia chini, nimekichomoa cha kumi na manane, nimeweka cha ishirini na mawili. Halafu nimelitoa lori kwa kisingizio cha breki, nikapima kwa nguzo. Kumi kwa kumi. Nikapima tena. Nilijiambia, basi, kesho yote yataisha yenyewe na hakuna atakayejua. Kile cha kumi na manane nimekitia mfuko wa ovaroli.

Jumatatu, 15 Aprili

Baba amerudi kwa wakati. Kilomita mia mbili arobaini kamili.

Jumanne, 16 Aprili

Kwa wakati tena. Na leo nimejua nilichokifanya.

Redio alinisimamisha getini, mkono kifuani. "Fundi, nakuvulia kofia. Siku moja tu umekaa naye ndani ya lori, mzee kaacha! Kilomita zimekatika kama bomba. Haya ndiyo malezi, mtoto kumrudi mzazi." Wapakiaji wakapiga makofi. Saa Ngapi akatoka kwenye kontena, akanishika mkono. "Umeokoa heshima ya baba yako."

Nilipotengeneza kimyakimya nimewapa ushahidi. Kabla ya hapo ilikuwa umbeya. Sasa kila mtu ana hakika, kwa sababu mimi, binti yake, nilipanda na mambo yakakoma. Sikusema hapana. Nilisema ahsante. Nimeliandika neno hilo hapa ili lisinitoke akilini.

Jioni baba alisema mezani, "Leo lori limetembea vizuri." Akanitazama kwa muda kidogo zaidi ya kawaida, akaendelea kula.

Alhamisi, 18 Aprili

Mama kanifuata uani nikianua nguo. Akanikumbatia, jambo asilolifanya mara kwa mara. "Ahsante, mwanangu. Sitamwuliza kitu. Ameacha, yatosha."

Niliacha nguo zikanyeshewa.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua kubwa. Nimeandika mistari mitatu nikaifuta.

Ijumaa, 26 Aprili

Saa Ngapi ameamua. Kuanzia Jumatatu lori la baba anapewa kijana, na baba atahamia kwenye lile gari la maji linalozunguka ndani ya yadi kumwagia vumbi. Katikati ya masika, kumwagia vumbi! "Simfukuzi," alisema. "Lakini mtu akishanizungusha mara moja, siwezi kumpa barabara tena."

Baba alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Akasema, "Sawa, bosi." Hilo tu. Akaenda kwenye lori lake akaanza kutoa vitu vyake: kitambaa, kikombe, redio ndogo, mto wa mgongo alioshonewa na mama. Akavipanga kwenye boksi. Mimi nilikuwa hatua chache, spana mkononi, nikatazama mpaka akamaliza.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimesema.

Asubuhi, kabla malori hayajatoka, wakati wote wamekusanyika chini ya bati kuikwepa mvua: madereva, wapakiaji, mafundi, Redio na mwavuli wake, Saa Ngapi na saa yake. Baba alikuwa amekaa juu ya ngazi ya gari la maji. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu jana. Yote yalinipotea. Nikatoa kigia mfukoni nikakiweka juu ya boneti ya gari la maji.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinazidisha kilomita," nikasema. "Nilikifunga mimi. Nilikosea meno, nikapunguza badala ya kuongeza. Mshale ulikuwa unasoma sitini, lori linatembea hamsini. Mzee hajapitia popote. Na ile siku uliniuliza, bosi, nikasema nimepima, sikupima."

Redio aliufunga mwavuli wake.

Redio akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeporwa, "Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

"Yupo mshona nguo. Anatoa maji ya kunawa. Baba alikuwa anakaza nati nilizomwagiza mimi."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, kisha wote, na kicheko hakikuwa cha baba tena, kilikuwa changu. Saa Ngapi alikichukua kile kigia akakigeuza geuza kwenye kiganja. "Ulikijua lini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa. "Siku ile niliyopanda naye."

"Na ukanipa mkono. Na Ijumaa ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Halafu akageuka kwa baba, akamwomba radhi mbele ya wote, kwa kirefu, kwa heshima yote, akamwambia arudishe vitu vyake kwenye lori. Kwangu alisema neno moja tu: kuanzia leo kila gari nitakalolifunga, fundi mwingine atalipima kabla halijatoka. Ni haki. Nimeandika kwamba ni haki, lakini limeniuma kuliko kofi.

Nilimbebea baba boksi lake. Alikuwa anarudisha mto kwenye kiti, mgongo kwangu. Nikasema, "Baba, nisamehe."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Jumatatu ile niliyorudi kwa wakati. Upepo na mshale vilipatana. Nikasema, kumbe masikio yangu mazima! Nilifurahi, mama, nilikaribia kuimba peke yangu humu ndani. Halafu nikaelewa kwamba umetengeneza ukanyamaza."

"Kwa nini hukusema? Walikuwa wanakuita... Ijumaa walikunyang'anya lori!"

Akakaa kwenye kiti chake, akauweka mto sawasawa. "Mimi nikiitwa mhuni ni kicheko cha msimu mmoja, wanaume wenzangu watachoka. Wewe mwanamke hapa yadini, ukiitwa hujui kazi, jina hilo lingekaa. Nikasema nikungoje. Atasema mwenyewe."

"Na kama nisingesema?"

Baba aliwasha injini.

Jioni ilibaki zamu ya mama. Nilimkuta chumbani, nikakaa kitandani palepale nilipokaa siku ile ya nguo. Nikamweleza yote, kigia, meno, nguzo, mlango wa kijani. Hakunikatiza. Nilipomaliza alijifuta mikono kwenye khanga, mikono mikavu.

"Nimempa mgongo mwezi mzima," akasema. "Na maneno niliyomwambia siwezi kuyarudia mbele ya mtoto. Alikuwa anasema, mama watoto, sijapita popote. Anasema hivyo tu. Mimi namwambia, hata mwanao anajua."

"Mama..."

"Kwa sababu uliniuliza wewe. Hao wa yadini nisingewasikiliza. Uliingia hapa, ukakaa hapo, ukaniuliza baba anapitia wapi. Mimi nilikuwa sina hata wazo la kuuliza." Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza. "Toka kidogo. Nataka kukaa peke yangu kabla hajarudi."

Nilitoka. Baba aliporudi, nilisikia viatu vyake kwenye ngazi, na nikasikia mama akivuta kiti mezani.

Ijumaa, 3 Mei

Yadini sasa naitwa Kumi na Nane. Redio ndiye aliyelitunga, na amelitangaza vya kutosha. Ninaitika.

Jumatatu, 13 Mei

Manyunyu tu. Leo asubuhi mama alimwita baba Bwana Harusi, akimpa chai. Baba alicheka hadi akapaliwa. Mimi nilitazama ndani ya kikombe changu. Utani huo ni wao, walioulipia. Sijisikii kuwa na haki ya kucheka.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zimekwisha. Barabara ya juu imekauka, na Saa Ngapi ameagiza lori la baba lirudishiwe gia za zamani na matairi ya zamani. Kazi amenipa mimi. Nilidhani atampa mwingine, hata nilikuwa nimeshaweka spana chini. "Wewe ndiye unayeijua," alisema, bila kucheka.

Nilifungua difu, nikafunga difu. Nikarudisha kigia cha meno ishirini. Nikakihesabu kwa kucha, jino kwa jino, na nikamwita mwenzangu naye akahesabu. Kisha tukatoka naye barabarani, yeye akisoma dashibodi, mimi nguzo, kumi kwa kumi, kwenda na kurudi. Yadi ilikuwa kavu, na kwa mara ya kwanza tangu Machi viatu vyangu havikuwa na tope.

Baba alikuja kulichukua. Redio alikuwa getini, wapakiaji kwenye ukuta wao, kila mtu mahali pake kama siku ile ya kwanza. Akalizunguka lori, akagusa tairi kwa ncha ya kiatu. Alikuwa mchangamfu, hana kinyongo hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza. Akapanda, akaufunga mlango, akashusha kioo. Akaweka mkono kwenye ufunguo, lakini hakuwasha.

"Mama," aliniuliza kwa upole, "umepima?"

"Nimepima, baba."

Akatikisa kichwa kukubali, akawasha lori, akaondoka. Maisha yangu yote ya ufundi, alikuwa hajawahi kuniuliza.